Gitaa la Kupakata na Sauti ya Garissa: Wajibu wa Mwanafunzi wa Kiswahili

Wahenga walinena kwamba jina jema hung'ara gizani. Ninayaanza makala haya kwa methali hiyo kwa sababu ninakusudia kuizungumzia ala ambayo miongoni mwetu haina jina, liwe jema au baya, na kuizungumzia kuhusiana na mahali ambapo wasomi wa Kiswahili aghalabu hawapatazami wanapotafiti muziki. Ala yenyewe ni gitaa linalolazwa mapajani na kupigwa kwa kipande cha chuma, sauti yake ikipitishwa katika mitambo ya umeme hadi ikwaruze, ndani ya bendi ya roki inayopiga mbele ya hadhira. Mahali penyewe ni Garissa na eneo zima la Kaskazini Mashariki ya Kenya.

Kisa kilichonisukuma kuandika ni kidogo. Katika somo la istilahi, kila mwanafunzi alitakiwa kusimama mbele ya darasa na kuielezea ala moja ya muziki kwa muda wa dakika kumi bila kutumia neno hata moja la Kiingereza. Mwenzangu mmoja kutoka Lamu aliielezea udi. Alianza na tumbo la ala, akapanda shingoni, akashuka kwenye nyuzi, na dakika kumi zikamwishia akiwa bado ana maneno. Mimi, niliyezaliwa Garissa, nililichagua gitaa hilo la kulazwa, kwa kuwa nilikuwa nimelisikia likipigwa na bendi moja jijini Nairobi na halijanitoka masikioni tangu siku hiyo. Kufikia dakika ya tatu nilikuwa nimebaki nikionyesha kwa mikono. Darasa lilicheka, nami nikacheka pia, lakini niliporejea bwenini nilijiuliza swali ambalo sasa ninawauliza wasomaji wa jarida hili: je, Kiswahili ni lugha yangu kwa kiwango kile kile ambacho ni lugha ya mwenzangu wa Lamu, ikiwa ninapotaka kusema jambo ninalolipenda hunikauka mdomoni?

Ala yenyewe na jinsi inavyopigwa

Kabla ya kutoa hoja, yafaa nimfahamishe msomaji ninachokizungumzia. Gitaa la kawaida hukumbatiwa kifuani, na vidole vya mkono wa kushoto huzibana nyuzi juu ya vijiti vya chuma vilivyopangwa shingoni. Gitaa ninalolisema hulazwa mapajani, uso wake ukitazama juu. Nyuzi zake zimeinuliwa mbali na shingo kiasi kwamba kidole hakiwezi kuzibana. Mpigaji hushika kipande cha chuma kilicholainishwa na kukitelezesha juu ya nyuzi kwa mkono wa kushoto, huku mkono wa kulia ukizidonoa. Mistari iliyochorwa shingoni humwonyesha mahali pa sauti, lakini haimlazimishi. Akikosea kwa upana wa unywele, sauti huharibika. Akiwa mahiri, huweza kupita kutoka sauti moja hadi nyingine bila kukata, kama mtu anayeimba.

Asili yake ni visiwa vya Hawaii. Mvumbuzi anayetajwa sana ni Joseph Kekuku, aliyezaliwa mwaka wa 1874, ambaye inasimuliwa kuwa angali kijana alianza kutelezesha chuma juu ya nyuzi za gitaa. Maonyesho makubwa yaliyofanyika San Francisco mwaka wa 1915 yaliueneza muziki wa Hawaii kote Marekani. Jambo ambalo wengi wetu hatulijui ni kwamba gitaa la umeme lilianza kuuzwa likiwa la namna hii hii. Mwaka wa 1932 kampuni iliyokuja kujulikana kwa jina la Rickenbacker ilianza kuuza gitaa dogo la aluminiamu, la kulazwa mapajani, ambalo kwa umbo lake lilipewa lakabu ya kikaango. Kwa hiyo magitaa yote ya umeme yanayonguruma duniani leo yana mzee wao, na mzee huyo alikuwa amelazwa mapajani.

Tuje sasa kwenye kukwaruza. Kikuza sauti kinapopewa mawimbi yenye nguvu kuliko kinavyoweza kuyabeba, vilele vya mawimbi hayo hukatwa, na kukatwa huko huzaa sauti za ziada ambazo hazikuwemo. Hapo ndipo sauti hupata ukali na uzito, na hudumu kwa muda mrefu zaidi. Kwa gitaa la kulazwa faida ni kubwa, maana mtelezo wa chuma ambao kwa kawaida ungefifia njiani huweza kufika mwisho wa safari yake. Lakini gharama ipo. Sauti mbili zikipita pamoja katika mtambo uliozidiwa huzaa nyingine kati yao, na mpigaji akizidonoa nyuzi zote sita kwa pamoja, kinachotoka ni tope. Ndiyo maana wapigaji wa aina hii hutumia nyuzi moja au mbili kwa wakati mmoja, hupendelea sauti ya msingi na ya tano yake, na huziziba kwa kiganja na vidole nyuzi ambazo hazitakiwi kulia. Fauka ya hayo, ala hii ikiwekwa karibu mno na spika yake, nyuzi hutikiswa na sauti iliyotoka kwazo zenyewe, na mlio huanza kujizunguka bila kikomo. Mpigaji hodari huutawala mlio huo kwa mguu ulioko kwenye kanyagio la kupunguza na kuongeza sauti. Asiye hodari hutawaliwa nao. Pamoja na ngoma na besi, kazi hii hudai nidhamu isiyopungua ile ya mpigaji udi wa taarabu.

Kwa nini Garissa?

Sidai kwamba gitaa hili linapigwa Garissa leo. Ninachodai ni kwamba kama kuna mahali nchini Kenya ambapo lingeeleweka upesi, basi ni huko. Uimbaji wa Kisomali haukai juu ya sauti moja na kuruka hadi nyingine. Huteleza, hukunja, hurudi nyuma kidogo kabla ya kutua. Kinanda cha umeme, ambacho katika arusi nyingi nilizohudhuria kimechukua nafasi ya wapigaji wote, hakiwezi kuteleza hivyo kwa sababu vibao vyake vimegawanywa mapema. Mwimbaji huteleza, kinanda humsubiri mbele. Chuma juu ya nyuzi kingeandamana naye hatua kwa hatua.

Mfano wa jambo hili tunao kutoka Bara Hindi. Gitaa la Hawaii lilipofika huko katika karne ya 20, wanamuziki wa jadi waliliona kuwa linaweza kufuata mikunjo ya sauti ya mwimbaji. Brij Bhushan Kabra aliliingiza katika muziki wa kale wa Kihindi, na Vishwa Mohan Bhatt akaliunda upya na kuliita Mohan Veena, akashinda tuzo ya Grammy mwaka wa 1994 pamoja na Mmarekani Ry Cooder. Wahindi hawakuuacha muziki wao ili waipate ala. Waliifanya ala iufuate muziki wao. Nchini Nigeria nako, Demola Adepoju alipiga jamaa wa gitaa hili, lenye kusimamishwa kwa miguu na kuwa na kanyagio, katika bendi ya King Sunny Adé, na muziki wa juju ukabaki kuwa juju.

Tena Wasomali si wageni wa kupokea nyuzi na kuzifanya zao. Abdullahi Qarshe, anayeheshimiwa kama baba wa muziki wa kisasa wa Kisomali, alijulikana kwa kaban, yaani udi. Wangapi kati yetu tunafahamu kwamba alizaliwa Moshi, katika Tanganyika ya wakati huo, mwaka wa 1924? Mwaka huo huo alizaliwa Fundi Konde wa pwani ya Kenya, mmoja wa Wakenya wa kwanza kulipiga gitaa la umeme. Wa kwanza tunamwachia Hargeisa, wa pili tunamsoma kama wetu, ilhali historia imewaweka wote wawili katika ardhi inayozungumza Kiswahili. Naye Abdi Sinimo, aliyeuanzisha mtindo wa balwo katika miaka ya 1940, alikuwa dereva wa lori. Mtu wa Garissa, mji uliokaa kwenye barabara ya malori iendayo Liboi na Dadaab, haoni ajabu yoyote katika hilo.

Garissa yenyewe imekwisha kutoa sauti yake. Kundi la akina mama la Gargar, ambalo jina lake kwa Kisomali lina maana ya msaada, liliimba na kurekodi albamu ya Garissa Express chini ya Ketebul Music ya Nairobi. Kwa mara ya kwanza wasikilizaji wengi wa mbali walilisikia jina la Garissa likihusishwa na wimbo badala ya taarifa ya habari ya kusikitisha. Lakini katika majarida yetu ya Kiswahili, nimetafuta makala kuhusu kundi hilo na nimeambulia patupu.

Sauti kubwa katika mji uliojeruhiwa

Hapa sina budi kugusa jambo zito. Mtu anayependekeza ala yenye kishindo ipigwe Garissa lazima ajue anaupendekezea mji gani. Hali ya hatari iliyotangazwa Kaskazini Mashariki mwishoni mwa mwaka wa 1963 haikuondolewa hadi mwaka wa 1991. Wazazi wetu walikua wakijua kwamba usiku una mwenyewe, na mwenyewe si wao. Alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015, magaidi walikivamia Chuo Kikuu cha Garissa na kuwaua watu 148, wengi wao wakiwa wanafunzi kama sisi. Baada ya hapo amri ya kutotoka nje usiku ilirejea. Arusi zilihamishiwa mchana. Ngoma ambazo desturi yake ni kukesha zilifungashwa kabla ya jua kutua.

Katika mji kama huo, kishindo si mchezo. Nimemwona mzee akishtuka na kuinama kwa sababu tairi la lori lilipasuka. Je, ni haki kumletea mzee huyo spika zinazonguruma? Nimelifikiria swali hili kwa muda mrefu kuliko mengine yote katika makala haya, na jibu langu ni kwamba haki iko katika hiari. Mlipuko humjia mtu bila kumwomba ruhusa. Muziki hutangazwa, watu huuendea kwa miguu yao, na anayetaka kuondoka huondoka. Mji uliozoeshwa kwamba sauti kubwa ni ya mwenye bunduki unayo haki ya kuwa na sauti kubwa iliyo yake, inayoanza na kukoma kwa mkono wa kijana wake aliyeketi na gitaa mapajani. Kumnyima kijana huyo sauti kwa hoja ya kuwahurumia waliojeruhiwa ni kuuendeleza ukimya ambao wenye silaha waliuanzisha.

Pingamizi

Najua watakaonipinga, na baadhi yao ni walimu wangu ninaowaheshimu.

Wa kwanza watasema kwamba roki na gitaa la kukwaruza ni mambo ya Wazungu, na kwamba mwacha mila ni mtumwa. Ninawakumbusha kwamba fidla na kodiani za taarabu hazikuota Zanzibar. Vikundi vya Black Star na Lucky Star vya Tanga viliingiza gitaa la umeme katika taarabu, na leo nyimbo zao tunazisoma darasani kama urithi. Ayub Ogada, kabla ya ulimwengu kumfahamu kwa nyatiti, alikuwa mwanamuziki wa bendi ya Black Savage iliyopiga roki Nairobi katika miaka ya 1970. Hata kukwaruza kwenyewe ni kwetu. Wapigaji wa mchiriku wa Dar es Salaam, wakiwemo Jagwa Music, hupitisha vinanda vidogo vya zamani katika vikuza sauti vilivyozidiwa, na ukali unaotoka ndio ladha inayotafutwa. Kinshasa nako, kundi la Konono No. 1 lilifunga likembe kwenye mitambo iliyoundwa kwa vipande vya magari vilivyotupwa, na mkwaruzo uliotokea ukawa ndio utambulisho wao. Hakuna aliyewatumia barua kutoka ng'ambo kuwafundisha.

Wa pili watasema kwa hoja ya dini. Katika jamii yangu wako wanaoamini kwamba ala za muziki hazifai, na wako wanaoamini kwamba zinafaa kwa masharti. Mjadala huo ni wa karne nyingi na una wanazuoni wake. Mwanafunzi wa lugha asijifanye mufti. Ninachosema ni kwamba asiyetaka kusikiliza asilazimishwe, na anayetaka kupiga asiambiwe kwamba yeye si mtu wa Garissa.

Wa tatu ndio wanaonihusu zaidi. Watasema kwamba hili ni jarida la Kiswahili, na kwamba gitaa na vikuza sauti ni shughuli za idara nyingine. Kwa hao jibu langu ni la kitaaluma. Lugha hujulikana uwezo wake inapoelezea kitu kwa undani, wala si inaposifiwa siku ya sherehe. Tangu mwaka wa 2010, Katiba ya Kenya imekitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na kuwa lugha ya taifa. Mwaka wa 2021 UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Tunaandamana, tunakariri mashairi, tunavaa kanga. Lakini siku ya tarehe 8, kijana wa Garissa anayetaka kumweleza fundi wa Kipokomo kwamba spika yake inajizungusha sauti hulazimika kuazima maneno, ingawa Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wawili hao sokoni, hospitalini na shuleni.

Istilahi ninazopendekeza

Mkosoaji asiye na pendekezo ni mpiga kelele. Ninatoa haya ili yakosolewe.

Ala yenyewe ninapendekeza iitwe gitaa la kupakata. Kitenzi hiki tunacho tangu jadi: mama humpakata mwanawe, yaani humweka mapajani. Kinaeleza mkao wa ala na kimebeba upole ambao mwenye kuiona ikipigwa huuona mara moja. Jina gitaa la Hawaii linafaa katika historia, lakini halimwambii msikilizaji kitu kuhusu upigaji.

Kwa mtambo unaoongeza nguvu ya sauti, tushikilie kikuza sauti. Neno kipaza sauti limetwishwa mzigo mkubwa mno, kwani kuna wanaolitumia kwa maana ya maikrofoni na wengine kwa maana ya spika. Kwa kupita kutoka sauti moja hadi nyingine bila kukata, mtelezo linatosha, na chuma cha mkono wa kushoto kiitwe chuma cha mtelezo.

Kwa sauti ya mtambo uliozidiwa nimepima maneno matatu. Nimesikia mafundi wakisema sauti imechafuka. Wafasiri wangeweza kusema sauti iliyopotoshwa. Yote mawili yanahukumu kabla ya kusikiliza, kwa maana kilichochafuka husafishwa na kilichopotoshwa hunyooshwa, ilhali hapa mpigaji ameitafuta hali hiyo kwa makusudi. Ninalichagua neno mkwaruzo. Tayari tunasema kwamba mwimbaji fulani ana sauti ya kukwaruza, na mara nyingi tunamsifu. Kwa mlio unaojizunguka kati ya spika na nyuzi, ninapendekeza mvumo wa marejeo, maana mwangwi ni jambo jingine.

Hitimisho

Ninakiomba chama chetu mambo mawili. Kwanza, katika kongamano lijalo, kikao kimoja kitengwe kwa ajili ya istilahi za muziki, na waalikwe mafundi wa mitambo na wapigaji pamoja na wanaisimu. Orodha zinazotungwa na wanaisimu peke yao hufia kabatini, kwa sababu fundi aliyeko jukwaani hakuulizwa neno analolitumia. Pili, wenzetu wanaotoka Garissa, Wajir na Mandera wahimizwe kuandika tasnifu zao kuhusu nyimbo na ala za kwao kwa Kiswahili, na wasimamizi wao wasiwarudishe kwenye mada za pwani kwa kisingizio cha uhaba wa marejeleo. Marejeleo huwa haba hadi mtu wa kwanza aandike.

Kwa walimu wangu ninasema kwa unyenyekevu kwamba sikuandika haya ili kulalamika juu ya dakika zangu saba zilizopotea mbele ya darasa. Nimeyaandika kwa sababu mwaka ujao mwanafunzi mwingine kutoka kwetu atasimama mahali pale pale. Pengine atakuwa amelisikia gitaa la kupakata, au pengine atakuwa amenunua lake. Ningependa akisimama aanze na mapaja, apande kwenye chuma cha mtelezo, ashuke kwenye mkwaruzo, na dakika kumi zimwishie akiwa bado ana maneno.